TUNOE KWANZA, KUNUNUA BAADAYE

(Maneno ya Katibu wa Chama, Tawi la Kijiji, mbele ya Kikundi cha Wachongaji cha Ushirika wetu. Yamenakiliwa hapa ukutani kwa ajili ya wale waliokuwa shambani siku ile.)

Ndugu Mwenyekiti wa Ushirika, wazee wetu, kina mama, nanyi vijana wetu mnaoanza kazi ya nakshi,

Tumekutana kwa jambo moja tu, nalo ni patasi. Mkutano Mkuu wa Ushirika umekaribia, na katika ajenda limo ombi la kikundi hiki kwamba fedha za mfuko zitolewe kununulia patasi mpya, seti nzima. Ombi lenyewe si baya. Mchongaji bila patasi ni sawa na mkulima bila jembe. Lakini kabla mikono haijanyooshwa kupitisha jambo hili, sisi wa Tawi tumeona tulizungumze wazi, maana fedha ile ni jasho la korosho na ufuta wa wanachama wote, pamoja na wale ambao hawajawahi kushika patasi maishani mwao.

Tumelifungua sanduku la kikundi pamoja na fundi wetu mzee, tukatoa kifaa kimoja kimoja. Hakuna patasi iliyovunjika mle ndani. Zote zina chuma cha kutosha. Zilichokosa ni makali. Nyingine zimepigwa nyundo mpaka vichwa vikachanua kama maua. Nyingine zimefungulia makopo ya rangi. Sasa tujiulize, jamani: tukinunua mpya leo, na elimu ya kunoa hatuna, baada ya miezi mitatu zitakuwa na hali gani? Zitakuwa kama hizi. Tutarudi tena kwa wakulima kuomba? Huko siko kujitegemea.

KWA NINI MAKALI NI JAMBO LA KIJIJI KIZIMA

Wapo watakaosema mambo ya kunoa ni ya fundi, Chama kinaingilia nini? Tunawajibu kwa sababu tatu.

Ya kwanza ni mti wenyewe. Mpingo hauoti leo ukavunwa kesho. Huchukua miaka 70 na zaidi kufikia unene wa kufaa, na moyo wake ni mzito hata ukiutupa majini unazama. Ndio mti ambao wazungu wanatengenezea zumari zao ziitwazo klarineti. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 imetupa wanavijiji nafasi ya kumiliki na kutunza msitu wetu wenyewe, na gogo tunalopewa kikundini limetoka katika msitu huo. Anayeliharibu gogo kwa patasi butu ameharibu mti uliomzidi umri babu yake. Huwezi kumwambia mjukuu wako asubiri miaka mingine 70 kwa sababu wewe ulikuwa mvivu wa kunoa.

Ya pili ni bei. Mnajua wenyewe vile vibao vya nakshi vilivyorudishwa na mnunuzi msimu uliopita. Alisema nini? Kwamba mistari imeraruka. Patasi kali hukata nyuzi za mti, patasi butu huzing'oa. Pakishang'oka, hata msasa hauponyi. Basi mlanguzi naye hapo ndipo anapopata nafasi: anainunua kazi yetu kwa bei ya kuni, anaipeleka mjini kwa mwenye patasi kali aitengeneze, faida wanagawana wao. Mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Wahenga hawakukosea.

Ya tatu ni mikono yetu. Watu wengi hudhani kifaa kikali ndicho cha hatari. Kumbe butu ndicho kinachokata watu. Kikiwa butu unakisukuma kwa nguvu za mwili mzima, halafu kinateleza, na mbele yake uko mkono wa kushoto. Kijana wetu aliyepelekwa zahanati na kiganja kilichopasuka hakukatwa na patasi kali.

JINSI YA KUTAMBUA UBUTU

Msipitishe kidole juu ya makali kwa kukiburuta kufuata urefu wake. Ukitaka kugusa, pitisha gumba kwa kukatisha, kutoka kwenye bapa kwenda nje. Lakini jicho ni bora zaidi. Shika patasi karibu na dirisha, uelekeze makali yake kwenye mwanga. Makali ya kweli hayaonekani, kwa sababu hayana upana wa kurudisha mwanga. Ukiona mstari mweupe unang'aa, basi ule mstari ndio ubutu wenyewe. Ukiona nukta inayong'aa, pale pana pengo.

Namna nyingine: chukua kipande cha mwembe, ukikate upande wa ncha ya kipande, pale zinapoishia nyuzi, si ubavuni. Patasi kali huacha uso laini unaong'aa. Patasi butu huacha uso wa vumbivumbi kama mkate ulioraruliwa.

MTEREMKO WA MAKALI

Patasi ina pande mbili: mgongo ulio bapa, na upande wenye mteremko unaoshuka mpaka kwenye makali. Mteremko huo ukiwa mrefu sana, makali yanakuwa membamba kama wembe, yanaingia vizuri katika mti laini, lakini kwenye mpingo yanavunjika kama kucha. Ukiwa mfupi sana, makali yana nguvu lakini hayaingii, yanaponda.

Kwa mti laini tunataka nyuzi 20 hadi 25. Kwa mpingo tunataka nyuzi 30 hadi 35. Sasa mwanafunzi atasema: mimi sina chombo cha kupimia nyuzi. Huna haja nacho. Chukua kijiti cha ufagio. Pima unene wa patasi pale mteremko unapoanzia. Halafu pima urefu wa mteremko wenyewe. Mteremko ukiwa mara mbili ya unene, hizo ni nyuzi 30 kamili. Ukiwa karibu mara tatu, hizo ni nyuzi 20. Yaani patasi yenye unene wa milimita 3 iwe na mteremko wa milimita 6 kwa kazi ya mpingo. Na kwa asiyeridhika na kijiti, chini ya karatasi hii tumebandika kona ya karatasi iliyokunjwa mara tatu sawasawa. Kona ya karatasi ni nyuzi 90, kwa hiyo kila kunjo ni nyuzi 30. Njoo na patasi yako uipime hapa.

KUNOA, HATUA KWA HATUA

Kwanza, jiwe lenyewe liwe bapa. Kinoo kilicholika katikati kama mgongo wa punda hakiwezi kutoa makali yaliyonyooka. Mwaga mchanga laini na maji kidogo kwenye sakafu ya saruji ya ghala, sugua kinoo hapo mpaka kinyooke. Asiyekuwa na kinoo atumie msasa wa maji juu ya kipande cha kioo cha dirisha kilicholazwa juu ya ubao ulionyooka: aanze na namba 240, aende 400, amalizie na 800 au 1000. Kingo za kioo zisuguliwe kwanza zisimkate mtu.

Pili, anza na mgongo. Laza mgongo wa patasi juu ya jiwe, bapa kabisa, usiinue mpini hata kidogo. Sugua mpaka sehemu ya mwisho, upana wa kidole kimoja, ing'ae yote. Wanaoanza huiruka hatua hii kwa sababu haionekani. Lakini makali ni mahali ambapo pande mbili zinakutana. Upande mmoja ukiwa na mashimo, makali nayo yana mashimo. Kazi hii hufanywa mara moja tu katika maisha ya patasi, ikiwa itatunzwa.

Tatu, nenda kwenye mteremko. Paka masizi ya chungu au wino juu yake. Weka mteremko juu ya jiwe, sugua mara mbili tatu, kisha tazama. Masizi yakiondoka nyuma tu, umelaza mno. Yakiondoka mbele tu, umeinua mno. Yakiondoka yote, basi hapo ndipo pa kukazia vifundo vya mkono, na mwendo utoke mabegani. Maji yasikauke juu ya jiwe.

Nne, endelea mpaka uhisi kwa gumba, upande wa mgongo, kiukingo chembamba kinachokwaruza. Hicho ni chuma kilichojikunja baada ya pande mbili kukutana. Kikionekana toka mwanzo wa makali hadi mwisho, kazi ya jiwe la kukwaruza imekwisha. Kisipoonekana, usihamie jiwe laini, maana utakuwa unang'arisha ubutu.

Tano, hamia jiwe laini, mteremko kidogo, mgongo kidogo, kwa zamu, mpaka kile kiukingo kidondoke. Mwisho, piga kwenye ngozi. Kipande cha mkanda kuukuu kibandikwe juu ya ubao, kipakwe mafuta kidogo na jivu laini lililochekechwa kwa kitambaa. Vuta patasi kwa kurudi nyuma, usiisukume mbele, isije ikakata ngozi. Mara kumi kila upande.

Na hapa ndipo penye siri ya kazi ya mpingo. Mti huu unakula makali. Usingoje patasi ife ndipo uipeleke kwenye jiwe. Kila baada ya robo saa ya kazi, ipige kwenye ngozi. Ukifanya hivyo, jiwe utaliona mara chache, na patasi itaishi miaka.

Onyo kwa wanaokimbilia mashine ya kusagia ya gereji: chuma kikigeuka rangi ya buluu kwenye makali, kimekufa pale, ugumu wake umetoka. Chovya majini kila mara. Kidole kikishindwa kustahimili joto, umeshachelewa kuchovya.

KUGEUZA CHUMA KUUKUU KIWE KIFAA

Kikundi kinalalamika kwamba hakina vifaa vidogo vya mistari ya nakshi. Ni kweli, na hata hiyo seti ya dukani haitavileta vyote. Mafundi wa nakshi hawajawahi kungoja duka. Vifaa vingi vinatengenezwa na mwenye kazi kulingana na mkono wake na mstari anaoutaka.

Anayeanza tunamshauri aanze na msumari wa zege. Msumari ule ni mgumu tayari, hauhitaji moto. Sagia ncha yake kwenye jiwe, kwa maji, uso wake uwe umelala nyuzi 45, yaani nusu ya kona ya karatasi. Chini yake tengeneza pande mbili zinazokutana kama mgongo wa nyumba uliopinduliwa. Kisha, pale chini karibu na ncha, sagia kidogo tena ili ncha iinuke. Kisigino hicho kidogo ndicho kinachofanya mpini uwe juu ya kazi, vidole visikwaruze ubao. Kikiwa kirefu, kifaa hakipindi kwenye duara. Kikiwa kifupi, kinapinda vizuri. Kifaa kikizama, umeinua mkono mno. Kikiteleza bila kukata, ncha imekuwa butu. Makali ya msumari hayadumu kama ya tupa, lakini ya kujifunzia yanatosha sana.

Mpini wake usiwe mrefu. Kifaa cha kusukuma kwa kiganja kinatakiwa kikae ndani ya kiganja, na ncha ipite gumba kwa kiasi cha nchi moja tu. Kikizidi hapo, mkono hauna mamlaka. Chonga mpini mviringo kama uyoga, halafu ukate upande wa chini uwe bapa, mkono upate kulala karibu na ubao.

Akishazoea, aende kwa mhunzi na tupa kuukuu. Tupa ni chuma kizuri mno, lakini ni kigumu na kinavunjika kama kioo. Kamwe msiipige nyundo ikiwa katika hali hiyo, vipande huruka machoni. Iwekeni motoni mpaka iwe nyekundu, kisha mfukieni ndani ya jivu ipoe yenyewe mpaka asubuhi. Hapo italainika, mtaikata na kuipa umbo, na meno yake yote yaondolewe, kwa sababu nyufa huanzia kwenye meno. Umbo likikamilika, rudisheni motoni, mahali penye kivuli ili rangi ionekane. Ikifikia wekundu ambao sumaku haiishiki tena, ichovyeni katika mafuta ya kupikia yaliyokwisha tumika. Msichovye katika maji, itapasuka. Mfuniko wa kuzimia moto uwe karibu, na watoto wawe mbali.

Sasa imekuwa ngumu kupita kiasi. Isugueni ing'ae, kisha ipashwe moto polepole kuanzia upande wa mpini. Mtaona rangi zinatembea: njano ya majani makavu, kisha kahawia, kisha zambarau, kisha buluu. Kwa kifaa cha kusukuma kwa mkono, njano ikifika kwenye makali, chovyeni. Kwa patasi ya kupigwa nyundo, ngojeni kahawia. Buluu ikifika kwenye makali, mmeipita, mnaanza upya. Springi ya gari nayo inafaa kwa tezo na patasi nene. Lakini msumari wa kawaida na nondo nyingi hazishiki makali, msipoteze mkaa. Na chuma chochote kilichopakwa zinki, kama mabati, kisitiwe motoni, moshi wake ni sumu. Vumbi la mpingo nalo linadhuru kifua na ngozi. Funikeni pua.

MAPENDEKEZO YETU

Wenye umri mtakumbuka mwaka 1973, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya. Watu walikaa vikundi kuzunguka redio moja, wakasikiliza, wakajadili, wakaenda kuchimba vyoo. Redio ilikuwa moja, elimu ikawa ya wengi. Na mwaka 1970, ulipotangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, hakuna aliyeambiwa umri wake umepita. Sisi tuliopitia kisomo tunajua kwamba mkono mgumu wa jembe unaweza kujifunza kuandika herufi ndogo. Basi utajifunza na kunoa. Tunapendekeza hivi:

1. Kila Ijumaa jioni iwe siku ya kunoa, kuzunguka kinoo kimoja, fundi mzee akiongoza. Atakayekosa bila sababu asipewe gogo wiki ile.

2. Kila anayeanza, awe mvulana au msichana, atengeneze kwanza kifaa chake kimoja kwa mkono wake, na ajifunzie kwenye mwembe. Mpingo atapewa siku ambayo mkato wake kwenye ncha ya mwembe unang'aa mbele ya kikundi.

3. Patasi zote ziandikwe katika daftari, kwa jina la anayezitumia, na zifungwe kila moja katika kitambaa chenye mafuta. Patasi si ya kufungulia kopo.

4. Mkutano Mkuu utoe fedha za vinoo viwili, kimoja cha kukwaruza na kimoja laini, pamoja na msasa. Ombi la seti mpya liahirishwe kwa msimu mmoja. Baada ya msimu tufungue sanduku tena mbele ya wote. Tukikuta makali, sisi wenyewe wa Tawi tutasimama kuliunga mkono ombi hilo, kwa sababu wakulima watakuwa wanawapa fedha watu wanaojua kutunza.

Ndugu zetu vijana, msidhani tunawanyima. Milango ya nakshi ya Unguja na Lamu, ambayo watu wanatoka ng'ambo kuja kuitazama, ilichongwa kwa mkono na patasi, na ile ya zamani umeme haukuwepo. Waliotangulia walikuwa na chuma, jiwe na subira. Chuma tunacho sandukuni. Jiwe tutalinunua. Subira haiuzwi dukani, kila mmoja aje nayo Ijumaa.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Anayejua amfundishe asiyejua, na asiyejua asione haya kuuliza.

Ushirika udumu! Kazi iendelee!

Wenu katika ujenzi wa kijiji,
KATIBU WA CHAMA, Tawi la Kijiji

(Tafadhali msichane karatasi hii. Asiyeweza kusoma asomewe na mwenzake.)